Hodi kwa Taa

4 Februari

Baba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute ukiwa na nguvu zako, na magoti yasiwe yanakusumbua kwenye ngazi za nyuma. Mimi mzima. Nimekonda kidogo, lakini mikono imekuwa ya mbeba mizigo, ukiiona utacheka.

Najua ni mwaka na miezi mitatu tangu niondoke nyumbani, na hatujaandikiana hata mstari mmoja. Nimepiga simu mara nyingi, hupokei. Dada ananiambia u mzima, basi nami nikanyamaza. Leo nimeshika kalamu kwa sababu nina swali, na katika ukoo wetu wote nadhani ni wewe tu wa kulijibu.

Kama dada hajakueleza, nafanya kazi kwenye banda la kayaki. Kayaki ni vyombo vyembamba vya plastiki, mtu unakaa peke yako kama umeingia kwenye ganda la njugu, unapiga kasia lenye vibao viwili, huku na huku. Mwaka wa kwanza nilikuwa naosha na kupanga. Sasa nimepandishwa cheo, naongoza safari za jioni. Giza likishaingia natoka na wateja wanane, wananifuata nyuma kama vifaranga, tunazunguka ghuba hadi kwenye mawe upande wa pili na kurudi. Naipenda kazi hii, baba. Naiweza.

Tatizo ni mwenye banda. Tunamwita Bosi Nyota, kwa sababu kwenye bango lake ameandika kwamba atakuonyesha nyota zote. Ameamuru tusiwashe taa hata moja tukiwa majini. Anasema taa inaharibu macho ya wateja, nyota hazionekani. Na njia yetu inakata njia ya kivuko, kile kikubwa cha magari, mara mbili kila safari.

Swali langu ni hili: ninyi mliokuwa kwenye kivuko, usiku, mlikuwa mnatuona sisi wadogo?

Mwanao,
Kitinda

19 Februari

Kitinda mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imekunjwa pembe, lakini kila neno lilisomeka. Magoti yapo, yanalalamika lakini yananibeba. Masikio yana mvumo kidogo, ni mambo ya umri. Dada yako na wanawe wazima.

Umemuuliza mtu asiye sahihi. Mimi nilikuwa chumba cha injini. Miaka ishirini na saba nimevuka maji kutwa mara kumi na nne, na maji niliyoyaona kwa macho yangu ni yale ya ndoo ya kusafishia sakafu. Kwa hiyo nilikwenda kwa aliyekuwa mshika usukani wetu, anayekaa nyuma ya duka la mikate. Nilimwomba anijibu kwa maandishi, maana ukimwacha aongee hamalizi. Haya ndiyo maneno yake, nimeyanakili:

"Mwambie binti yako kwamba ukiwa kule juu, kayaki isiyo na taa ni gogo. Na gogo lina afadhali, halina mama wa kulia. Taa ndogo ya chini haisaidii, inapotea katikati ya taa za maduka ya ufukweni. Iwe nyeupe, iwe juu kuliko kichwa cha mtu, ionekane pande zote, na itulie. Inayomweka-mweka ni ya mtu aliye hatarini, wasiichezee. Tena kila mmoja awe na tochi mkononi. Akiona tunamjia, ajimulike mwenyewe, amulike kasia lake. Asitumulike sisi machoni, atatupofusha halafu atulaumu."

Hayo ni yake. Yangu ni haya. Usiku mmoja, hujazaliwa bado, kengele ya amri ililia: nyuma, nguvu zote. Kule chini huulizi kwa nini. Nikavuta wenzo. Kivuko si baiskeli, mwanangu, hakisimami kwa kubana mkono. Chuma chote kilitetemeka, kikombe changu cha chai kikaruka mezani. Baadaye nikaambiwa kulikuwa na mtu kwenye kimtumbwi mbele yetu, amewasha tochi dakika ya mwisho. Sikumwona. Mpaka leo sijui ana sura gani. Najua tu kwamba aliwasha, na mimi nikalala usingizi wangu.

Bosi wako akikataa taa, mwachie vyombo vyake. Kazi hutafutwa.

Baba yako

12 Machi

Baba,

Shikamoo tena. Natumaini wote mko salama, na mvumo wa masikio umepungua. Msalimie mshika usukani, mwambie gogo linamshukuru.

Nilifanya jaribio. Hapa bandani kuna mama mmoja tunayemwita Fundi Viraka, yeye ndiye anayeziba kayaki zilizopasuka kwa plastiki na pasi ya moto. Jioni moja alitoka peke yake kwenye kayaki hadi katikati ya ghuba, bila taa, mimi nikasimama mwisho wa gati. Nilijua alipo. Nilikodoa macho dakika kumi, sikumwona. Kisha akawasha taa aliyoifunga kwenye fimbo ya ufagio nyuma ya kayaki, na papo hapo akawa mtu.

Kesho yake nikaenda kwa bosi. Nikamweleza yote. Akanisikiliza huku anahesabu makasia.

"Watu wanakuja kuona nyota," akasema. "Ukiwatundikia taa, wataona nini?"

"Wataona kesho," nikamwambia.

Alicheka. Kisha akatambua kwamba mimi sicheki. Akasema, "Basi chukua taa yako uende nayo."

Nikaichukua, baba. Nilitoka nayo mkononi mchana kweupe kama kichaa, na Fundi Viraka akatoka nyuma yangu na pasi yake. Usiwe na wasiwasi. Asubuhi nafanya kazi kwenye duka la kufua nguo. Mchana tuko uani kwake, tunaziba kayaki nane zilizotupwa na watu, sita tayari zinaelea. Tutafungua safari zetu wenyewe. Ofisi ya bandari inataka tufanye mtihani kwanza: nitoke na kikundi giza likiwa limeingia, ofisa akiwa ndani, na niwarudishe wote. Ni katikati ya Julai. Nitafaulu.

Mpango wa sauti nimeshauandika. Kila mtu atakuwa na kipenga shingoni. Mlio mmoja, simama unitazame. Miwili, sogea kwangu. Mitatu, nahitaji msaada. Na chombo kikubwa kikitujia kama hakijatuona, mitano mifupi ya haraka, kwa pumzi zote.

Sasa nina neno jingine, na nimezunguka sana kabla ya kulifikia. Asubuhi ile niliyoondoka nilibisha mlango wa chumba chako. Mara tatu. Nikaita hodi. Taa ilikuwa inawaka, na nikaona kivuli cha miguu yako chini ya mlango. Hukufungua. Basi lilikuwa linaondoka saa kumi na mbili, nikaenda. Sikuandikii kukulaumu. Ulishasema hutaki mwanao afanye kazi ya majini, na wewe husemi neno mara mbili. Nataka tu ujue kwamba nilibisha.

Mwanao,
Kitinda

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimeianza barua hii mara nne, na hii ya tano itakwenda hivyo hivyo ilivyo.

Sikusikia.

Sikio la kulia lilikufa mwaka aliofariki mama yenu. La kushoto lilijikokota nyuma yake miaka michache, kisha nalo likakata tamaa. Chumba cha injini hakimruhusu mtu kuondoka na masikio yake, nilijua hilo tangu siku ya kwanza. Lakini nilificha. Nilijifunza kutazama midomo na kusema "ndiyo". Unaweza kuishi muda mrefu kwa "ndiyo". Siku moja kwenye kikao cha familia nikaulizwa nani atasimamia jambo fulani, nikajibu "ndiyo", na watu wakatazamana. Tangu siku hiyo sikwenda tena kwenye vikao. Dada yako aligundua juzi juzi tu, alipokuta sufuria inaungua jikoni, kifuniko kinapiga kelele, na mimi nimekaa hatua mbili kando nasoma gazeti. Nilimwapisha asikwambie.

Simu yako nilikuwa naiona. Inawaka na kutetemeka mezani kama mende aliyelala chali. Nikipokea nitasema nini? Ndiyo, ndiyo?

Asubuhi ile nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, viatu nimevaa, koti nimevaa. Nilijiambia: akibisha nitatoka nimsindikize mpaka kituoni. Asipobisha, basi amenichukia, na nimwache aende. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Kulipokucha kabisa nikafungua mlango, ukawa umekwenda. Zaidi ya mwaka nimeishi nikijua kwamba hukubisha.

Nimeisoma barua yako mbele ya dada yako, akalia. Mimi nilikwenda karakana. Nimefunga swichi ya kubonyeza nje ya mlango wangu, na balbu ndani, juu ya kitanda. Mtu akibonyeza, inawaka. Watoto wa dada yako wameigeuza mchezo, sipati usingizi wa mchana.

Nimekutumia pia nguzo nane za taa, ziko kwenye mzigo tofauti. Ni mabomba ya alumini, mepesi, chini nimezivisha raba zisikwaruze chombo. Urefu unapita kichwa chako ukiwa umekaa. Nimezijaribu kwenye pipa la maji kwa siku tatu, hazina kutu wala hazitikisiki.

Mpango wako wa vipenga ni mzuri. Nina swali moja la fundi. Kwenye safari yako, mtu kama mimi angekaa wapi? Naona angegongwa huku anatabasamu na kusema "ndiyo".

Baba yako

6 Mei

Baba yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya ile asubuhi.

Barua yako niliifungua mlangoni mwa posta. Nilipofika pale ulipovaa viatu, nikakaa chini kwenye ngazi, watu wakawa wananiruka. Mama mmoja akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimempata mtu.

Sitaandika zaidi juu ya hilo. Tulikuwa wawili, mlango mmoja, kila mtu anamsubiri mwenzake. Sasa tumejua.

Nguzo zimefika zote nane. Fundi Viraka aliigeuza moja mkononi muda mrefu kisha akauliza kama baba yangu ana mke. Nimemwambia nitauliza.

Swali lako la fundi liliniharibia wiki nzima. Nilijiona mjanja na vipenga vyangu, kumbe nimejenga nyumba ambayo baba yangu mzazi hawezi kuingia. Nikakaa na Fundi Viraka tukaanza upya. Tumepaka rangi nyeupe kibao kimoja cha kila kasia. Ukikiinua juu na kukimulika kwa tochi, kinaonekana kama dirisha la nyumba lenye taa. Basi sasa tunaongea hivi: kasia limesimama wima limetulia, maana yake simama. Likipepea polepole huku na huku, njoo kwangu. Ukichora duara, unauliza "uko sawa?", na aliye sawa anajibu kwa duara. Tochi ikimweka haraka haraka juu ya kibao, ni hatari au nahitaji msaada, tazameni. Vipenga tumeviacha vilevile, ila kila mlio sasa una mwenzake wa mwanga. Na kila baada ya kupiga kasia mara ishirini, mimi wa mbele nageuka namtazama wa nyuma kabisa. Huyo tunamwita mkia. Mkia anawaona wote, na mimi namwona mkia.

Nilikwenda kumweleza ofisa wa bandari. Ni mwanamke aliyenyooka kama rula, hacheki ovyo. Akaniuliza, "Haya yote umeyabuni kwa ajili ya nani?" Nikasema kwa ajili ya baba yangu, hasikii. Akasema, "Mlete. Nitapima naye akiwemo."

Kwa hiyo, baba, naomba uje uwe mkia wangu. Najua ulichosema juu ya kazi ya maji. Najua na umri wako. Lakini umevuka maji miaka ishirini na saba bila kuyaona, na mimi nakuahidi kiti cha mbele, ingawa kiko nyuma.

Mwanao,
Kitinda

3 Juni

Kitinda,

Marahaba. Wote wazima. Mwambie huyo Fundi Viraka kwamba sina mke, na kwamba swali lake limepokelewa.

Niseme ukweli juu ya kazi ya maji. Sikuikataa kwa sababu ni mbaya. Niliikataa kwa sababu nilijua imenichukulia nini, na sikuwa na ujasiri wa kukwambia imenichukulia masikio. Ukificha sababu, amri yako inageuka ukali mtupu. Hilo ni kosa langu.

Nitakuja. Dada yako amepinga kwa siku nne. Amesema nina miaka sitini na sita. Nimemjibu kwamba tangu awali sikusikia anachosema, na safari hii nimeitumia hali hiyo bila aibu.

Najizoeza. Nakaa kwenye stuli ya jikoni na mpini wa ufagio. Jioni mimi huku barazani na mshika usukani kule dirishani kwake tunamulikana kwa tochi, na wavulana wa mtaa wanasema wazee wamepata wazimu. Amenifundisha pia taa za vyombo vikubwa: nyekundu ni ubavu wake wa kushoto, kijani ni wa kulia. Ukiona moja peke yake, anakupita. Ukiziona zote mbili kwa pamoja, anakutazama usoni, na hapo si wakati wa kufikiri.

Nafika tarehe 9 Julai kwa basi la mchana. Usinipokee kwa kuniita. Simama mahali penye mwanga, mimi nitakuona.

Baba yako

20 Julai

Mwanangu Kitinda,

Nimefika nyumbani salama. Mabega yanauma sehemu ambazo sikujua kwamba ninazo. Dada yako ananikanda na kunisuta kwa wakati mmoja.

Uliniuliza gatini, baada ya mtihani, nini hasa kilitokea kule nyuma kabla hujageuka. Giza lilikuwa limeingia, sikuweza kuisoma midomo yako, na asubuhi ofisa alikushika na makaratasi yake mpaka basi langu likaondoka. Nakuandikia sasa yote, kwa sababu wewe uliona mbele na mimi niliona nyuma, na safari ni moja.

Mpaka kwenye mawe mambo yalikuwa shwari. Niseme tu kwamba nilikuwa na furaha kiasi cha kuona haya. Nilizitazama zile taa saba nyeupe mbele yangu, kila moja juu ya nguzo yangu, zinapanda na kushuka, nikasema moyoni, kumbe haya ndiyo maji.

Wakati wa kurudi upepo uliinuka kutoka upande wa kushoto. Ulikuja kwa ghafla. Niliwaona wote wameinamisha vichwa, kofia za makoti zinapepea masikioni, maji yanawarukia. Ofisa mwenyewe alikuwa amekunjamana kama shuka iliyokamuliwa. Ndipo nilipotazama kulia, gatini kwa kivuko. Niliona taa nyeupe ya juu inaanza kusogea. Kisha kijani. Nikasubiri kijani kipite kiende zake kama jioni nyingine zote ulizonionyesha. Hakikupita. Kando yake ikatokea nyekundu. Zote mbili, zimetulia, kama macho. Tumekuja kujua baadaye kwamba kulikuwa na tishari limetia nanga kwenye njia yake, akalizunguka, na njia mpya ikawa ni sisi.

Bila shaka alipiga honi ndefu alipoondoka gatini, ndiyo kanuni yao. Lakini upepo ulikuwa unaichukua na kuirudisha kwao. Nikashika kipenga changu, nikapuliza mitano. Sikukisikia, hilo si jambo geni. Jambo geni ni kwamba hakuna aliyegeuka. Nikapuliza tena mitano. Niliye jirani naye, yule mwalimu wa hesabu aliyejitolea kupimwa nasi, alikuwa karibu kiasi cha kumgusa kwa kasia, naye hakugeuka. Hapo nikaelewa kwamba upepo umewafanya wote kuwa kama mimi.

Na mimi, mwanangu, hali hiyo naijua. Nina uzoefu nayo kuliko mtu yeyote aliyekuwa kwenye ghuba ile. Sikuogopa. Niliinua kasia, nikabana tochi kwa goti, nikaimwekesha juu ya kibao cheupe, haraka haraka. Nikahesabu mapigo yako ya kasia. Kumi na nne. Kumi na tano. Sikujua kama utakumbuka kugeuka, kwa upepo ule. Kumi na tisa. Ishirini.

Ukageuka.

Uliyoyafanya baada ya hapo unayajua, lakini hujui yanavyoonekana ukiwa nyuma. Kasia lako likasimama wima, limewaka. Mmoja akaliona, akamgusa mwenzake. Kisha likaanza kupepea, huku na huku, polepole, kana kwamba una siku nzima. Ule upole ndio uliowatuliza watu. Niliona taa zile zinasogeleana moja moja, mpaka zikawa fungu moja, nami nikajisukuma nikalifikia, tukashikana vyombo. Ukamulika kasia lako, ukatuonyesha kwa mkono, sote tukamulika ya kwetu. Vibao vinane vyeupe juu, taa nane juu ya nguzo. Hata mtu aliyesinzia usukanini angedhani kisiwa kimezaliwa.

Nilikuwa natazama zile rangi mbili. Kijani kikafifia, kikakatika, ikabaki nyekundu peke yake. Alikuwa anageuka. Alipotupita nilihisi injini yake kwenye makalio, mtetemo ule ule, naujua kama sauti ya mama yangu. Kule chini kuna mtu alivuta wenzo bila kujua kwa nini. Nilimwinulia kasia. Hakuniona, lakini nilimwinulia.

Kisha ukanichorea duara, kutoka mwanzo wa fungu hadi mwisho. Nami nikakuchorea. Nadhani nilichora zaidi ya mara moja.

Baba yako

5 Agosti

Baba,

Shikamoo. Mabega yamepoa? Fundi Viraka anauliza, na ananihimiza niandike kwamba ni yeye anayeuliza.

Nimeisoma barua yako kwa watu wote waliokuwa majini jioni ile, tuliwaita uani tukawapa chai. Mwalimu wa hesabu alisema aliogopa zaidi kuisikia kuliko kuwa ndani yake, kwa sababu pale majini alikuwa hajui kitu. Mimi nilijua. Nikuambie sasa jambo ambalo hukuliona kutoka nyuma: nilipogeuka na kukuona, sikufikiria kivuko kwanza. Nilifikiri, baba yangu ananiita. Na nikajua la kufanya.

Kibali kimetoka. Ofisa alikileta mwenyewe. Alisimama uani, amenyooka vilevile, akasoma masharti yote kwa sauti mpaka mwisho, kisha akakunja karatasi akasema, "Hili la mwisho halimo kwenye masharti. Nimekuwa ofisini miaka kumi na moja. Nimesaini vipenga, nimesaini taa. Sikuwahi kuuliza upepo ukivuma itakuwaje." Ameagiza kila kikundi cha usiku kiwe na alama za mwanga, siyo sisi tu. Bosi Nyota ametuma mtu kuuliza nguzo zinatengenezwa wapi. Nimempa anwani yako. Usimwonee, lakini pia usimwonee huruma.

Mshika usukani wa kivuko alipita uani kwetu Jumamosi, kijana tu, hata ndevu hazijajaa. Alisema aliona kitu cheupe kinamweka-mweka, peke yake, mbali na vingine, na ndicho kilichomfanya apunguze mwendo kabla hajatuona sisi wengine. Akauliza, "Aliyekuwa nyuma kabisa ni nani?" Nikamwambia ni fundi injini. Akaniangalia, akasema ndiyo maana.

Tunaanza rasmi mwezi ujao, Ijumaa na Jumamosi. Nahitaji mkia. Nimewajaribu wawili, wanaongea sana na kutazama kidogo. Nataka mtu ambaye macho yake hayapumziki. Chumba kipo, juu ya duka la kufua nguo, dirisha linatazama maji. Sikuombi kwa kukuonea huruma, baba. Naajiri. Kama hutaki, niandikie nitafute mwingine.

Mwanao,
Kitinda

14 Agosti

Kitinda,

Marahaba. Mabega yamepoa, mjulishe anayeuliza.

Nakubali kazi. Lakini kuna nyongeza, na naomba usinikatalie kabla ya kufika mwisho wa karatasi.

Nilikwenda kuwatafuta wenzangu wa chumba cha injini. Tulikuwa sita, tumebaki watatu. Grisi unaweza kumkumbuka, alikuwa mrefu, alikuletea mwanasesere wa waya ulipokuwa na surua. Boila humjui. Wote wawili hawasikii kitu. Grisi hajatoka nje ya geti lake tangu mwaka juzi, anawaambia watu ni miguu. Nilimkuta sebuleni anatazama televisheni iliyozimwa sauti, na mkewe jikoni ananyamaza naye. Nilikaa nikamwandikia kwenye daftari mambo yote ya jioni ile. Alisoma, akageuza ukurasa, akasoma tena. Kisha akachukua kalamu akaandika: "Hicho chombo kinabeba kilo ngapi?"

Boila alisoma mara moja tu. Alikwenda kuvaa viatu.

Kwa hiyo tunakuja watatu. Utakuwa na mikia zaidi ya unavyohitaji, mmoja nyuma na wawili ubavuni. Alama zote tumezifanyia mazoezi uwanjani wiki nzima, na hawa hawakosei, walizoea amri za kengele. Nguzo nyingine tatu nimeshazikata.

Tunafika Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, saa kumi jioni. Mambo mawili ya kujiandaa. Mke wa Grisi ameniandikia kwamba mumewe anakoroma kiasi cha kutikisa kabati, na yeye mwenyewe hajui. Na Boila huimba afanyapo kazi, anaimba kwa nguvu zote, huku akidhani anaimba moyoni. Hakuna aliyewahi kumwambia, na sitaki uwe wewe. Wapange wateja wako ukilijua hilo.

Baba yako,
mkia